Mstari Unaokukana

Kuna sentensi ninayoikuta kwenye madaftari ya wanafunzi kuliko nyingine yoyote: "Mwandishi anataka kutuambia kwamba..." Baada yake huja neno zito. Umoja. Utamaduni. Ukombozi wa mwanamke. Kisha nukta, na mwanafunzi amekwisha hamia swali linalofuata. Nami huandika pembeni, kwa wino mwekundu, neno moja tu: wapi?

Siulizi kwa kumkomoa mtu. Nauliza kwa sababu nataka kuonyeshwa. Kama mwandishi ametuambia jambo, basi kaliacha mahali fulani kwenye ukurasa, na mahali hapo panaweza kuguswa kwa kidole. Kama hapaguswi, pengine aliyesema si mwandishi. Pengine ni mwalimu wa mwaka jana, au mwongozo, au ni sisi wenyewe na yale tunayoyapenda.

Nafundisha Kiswahili na fasihi yake katika shule ya sekondari hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Wengi wa wanafunzi wangu wamelelewa kwa Kiacholi, Kiingereza wamekutana nacho shuleni, na Kiswahili wamekiokota stendi ya mabasi na kwa madereva wa malori yanayokwenda Juba kabla hawajakikuta ubaoni. Kwa katiba, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Nafurahi. Lakini mtoto anayesoma fasihi kwa lugha yake ya tatu hushawishika upesi kuegemea mwongozo, na mwongozo huanza na orodha ya maudhui. Anaikariri orodha, halafu ndipo anaingia kitabuni kutafuta mistari ya kuitundikia, kama mtu anayepigilia misumari ukutani koti likiwa tayari mkononi.

Mstari uliotafutwa kwa njia hiyo haushuhudii chochote. Utakubaliana nawe daima, kwa kuwa uliuchagua kwa sababu hiyo. Ushahidi ninaoutaka mimi ni ule ambao ungeweza kukukana, ukausoma hata hivyo, ukauleta mbele ya watu.

Jumamosi mchana, baada ya vipindi vya marudio, hubaki na wanafunzi wachache wa S5 na S6, yaani kidato cha tano na cha sita, wanaopenda kusoma. Hatusomi kwa ajili ya mtihani. Kitabu tulichokaa nacho muda mrefu zaidi ni cha Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu, 1931. Shairi lake refu, ambamo Lawino anamlalamikia mumewe Ocol, lilianza kwa Kiacholi, ingawa lililotangulia kutoka kiwandani ni la Kiingereza, Nairobi, mwaka 1966. La Kiacholi, Wer pa Lawino, lilichapishwa 1969, na mwaka 1975 Paul Sozigwa akatupa Wimbo wa Lawino kwa Kiswahili. Huviweka vyote vitatu mezani. Mmoja husoma Kiacholi kwa sauti, na mara nyingi nusu ya kundi huwa imekwisha cheka kabla sijafikia ukurasa wangu.

Siku moja nikauliza: Lawino anasukumwa na nini? Binti wa S5 akajibu papo hapo kwamba ni wivu. Ocol kamletea Clementine, mwanamke wa poda na rangi ya mdomo, Lawino anaumia, basi. Kijana mmoja akapinga. Lawino anatetea mila za Waacholi, akasema, wala hana wivu.

"Mwalimu, amesema mwenyewe. Mstari ndio huu hapa."

Na kweli, upo. Katika wimbo wa pili, baada ya kumchora Clementine kwa maneno makali, Lawino anaomba radhi: asidhaniwe anamtukana mke mwenzake, asidhaniwe kwamba ulimi wake umenolewa na wivu. Ni huruma tu inayomjia akimtazama. Kijana akakaa. Alikuwa amefanya hasa kile ninachowaomba wafanye kila siku, ameweka kidole ukurasani.

Binti akaomba kitabu. Akasoma mstari uleule, halafu hakusimama pale mwenzake aliposimama. Mistari inayofuata mara moja, Lawino anasema hakatai kwamba ana wivu kidogo. Kusema uongo si vizuri, anasema, wivu kidogo hutupata sote.

Nusu ya darasa wakapiga makofi, nami nikawazuia, kwa maana hapakuwa na aliyeshinda. Kila mmoja alikuwa na mstari wake, kutoka kinywa kimoja, ndani ya ukurasa mmoja. Msomaji mvivu huchukua ule unaomfaa na kuuacha mwingine. Lakini jambo lenye maana hapa ni kwamba mistari hiyo miwili inakaa pamoja. Ni mtu gani anayesema "si wivu" na, kabla hajapumua, "ndiyo, ni wivu kidogo"? Na anamwambia nani?

Tukarudi mwanzo wa shairi kutafuta jibu la hilo la pili. Lawino anaanza kwa kumkabili mumewe, kisha anawageukia watu wa ukoo: wasikie kilio chake, matusi ya mume wake yamezidi kuvumilika. Hapo picha ikabadilika. Haya ni mashitaka mbele ya ukoo, na sisi wasomaji tumeketishwa kwenye viti vya wazee. Mshitaki anayekiri udhaifu wake mdogo mbele ya watu wanaomjua ni vigumu kumpuuza. Kwa usomaji huo, kukiri wivu ni sehemu ya nguvu ya mashitaka.

Kisha nikawapeleka mwisho kabisa, wimbo wa kumi na tatu, ambapo Lawino anamwambia Ocol amnunulie mke mwenza nguo, shanga, manukato, viatu na hereni. Mwenye wivu mtupu angeomba hivyo? Yule binti akafikiri kwa muda.

"Labda anaomba hivyo kwa sababu ukoo unasikiliza."

Nilipenda jibu hilo kuliko majibu yote ya muhula ule. Hakuwa ameacha hoja yake, lakini alikuwa ameipunguza upana na kuiongezea uzito. Sasa ilibidi iwaingize mezani wale wazee wa ukoo, ikiri mstari wa kwanza na wa pili, na ieleze zile hereni. Hoja ya "maudhui ni wivu" inaingia kwenye mstari mmoja wa daftari. Hii ya pili inahitaji ukurasa mzima, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Methali ya boga ilituchukua muda mrefu zaidi. Hapa Acholi haihitaji maelezo: boga la kwenye mahame halingolewi. Lawino anaisema mapema na ndiyo anayofungia wimbo wake. Karibu kila insha niliyosahihisha kuhusu kitabu hiki inaitafsiri kwa namna moja: tushike mila zetu, tukatae za wageni. Nikauliza tena lile swali langu, wapi? Kijana wa kutoka Amuru akasimulia habari za bibi yake. Wakati wa vita watu walihamishiwa kambini, na familia ilikaa huko miaka. Bibi aliporudi kwenye eneo la nyumba yake ya zamani, nyumba haikuwepo tena, lakini maboga yalikuwa yametambaa yenyewe juu ya kifusi, na ndiyo waliyokula kwanza.

Chumba kilinyamaza. Halafu kijana akauliza kama anaweza kuandika kwamba maudhui ya shairi ni vita vya kaskazini.

Nilimjibu hapana, na nilijitahidi kumweleza kwa heshima yote ambayo habari ya bibi yake inastahili. Shairi lilitoka 1966. Vita anavyovijua yeye vilianza baada ya Okot kufariki mwaka 1982. Maisha yetu yanaweza kutufungulia mstari, lakini hayawezi kuandikwa mahali pa mstari. Na habari ya bibi ilikuwa imetufungulia jambo ambalo miongozo huliruka: boga la methali liko kwenye mahame. Mwenyewe amekwisha hama. Methali haimkatazi mtu kuhama wala kujenga upya kwingine. Inamkataza kung'oa kitu kinacholisha, kisichomdhuru, kwa kuwa tu amepata makao mapya.

Je, shairi lenyewe linakubali usomaji huo, au tumependezwa nao tu? Tukatafuta tena, na katika wimbo uleule wa pili tukamkuta Lawino akisema kwamba haelewi mila za wageni, lakini hazidharau. Kwa nini basi Ocol adharau za kwao? Hiyo ni mistari inayowasumbua sana wale wanaotaka Lawino awe adui wa kila kinachotoka nje. Haiwezi kufutwa. Na inakaa vizuri kabisa na boga la mahame: ishi utakapo, ila usidharau, using'oe. Sehemu mbili za kitabu zinaposhikana hivyo bila kulazimishwa, naanza kuamini kwamba nimeusikia moyo wa kazi.

Upande mwingine wa kazi hii ni kutazama kisichokuwepo. Clementine hasemi. Katika nyimbo zote kumi na tatu, kila tunachokijua juu ya mwanamke huyo, mdomo wake, mwili wake, umri wake, tumekipata kwa mwenzake aliyejeruhiwa. Mwanafunzi anayeandika "Clementine ni mwanamke asiye na heshima" amekwisha toa hukumu kwa kusikiliza upande mmoja. Huwataka waongeze maneno manne: "kwa macho ya Lawino." Maneno manne tu, na insha nzima inasimama tofauti.

Na kuna wimbo wa kumi na moja, ule wa siasa, ambao wengi hupita juu yake haraka kwa kuwa hauingii kwenye orodha ya ndoa na mila. Ocol yuko chama cha Democratic Party, ndugu yake yuko kile cha Congress, na chuki imeingia kati ya watoto wa mama mmoja, huku umaskini na maradhi vikiwaangusha watu wa kawaida. Anayedai kwamba shairi linahusu mke na mume tu, huo ndio mstari wake wa kumkana.

Sasa niseme juu ya nia, maana ndiko makosa mengi yaliko. "Okot anachukia elimu ya Wazungu," wanafunzi huandika, na ushahidi wanao: Lawino anasema nyumba ya mumewe ni msitu wenye giza wa vitabu, na kwamba vitabu ndivyo vilivyouangamiza uanaume wake. Lakini anayesema ni Lawino. Okot aliyemtunga alikwenda Uingereza na timu ya mpira ya Uganda, akabaki huko akasoma ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na anthropolojia Oxford. Kati ya midomo ya Lawino na mkono wa Okot kuna nafasi, na nafasi hiyo kaijenga kwa makusudi: mwanamume msomi amempa sauti mwanamke asiyejua kusoma, halafu miaka michache baadaye akampa mume naye wimbo wake wa kujibu. Huwezi kuchukua ushahidi wa mmoja wa wahusika ukaugeuza kuwa kiapo cha mwandishi.

Wengine hukimbilia upande wa pili: kwa kuwa Okot alisoma Oxford, basi yeye hasa ndiye Ocol. Hapana pia. Wasifu wa mwandishi unaweza kutuonya tusiseme upuuzi, lakini hauwezi kutuambia kitabu kinasema nini. Okot mwenyewe ametuachia onyo moja zuri pale mwanzoni mwa chapa ya Kiingereza, akisema kwamba katika kutafsiri amempunguza tai mabawa, ameutia upanga wa shujaa kutu na ubutu, na ameua mahadhi na vina. Hiyo ni nia ya mwandishi iliyoandikwa kwa mkono wake, na inahusu kitu cha kawaida sana: kwamba msomaji wa tafsiri ajue ameshika nini. Ndiyo sababu ninasisitiza Kiacholi kisomwe kwanza, hata kama mimi mwenyewe nasubiri ukurasa wangu wa Kiswahili. Taban lo Liyong naye alipolitafsiri upya kutoka Kiacholi, likatoka Kampala 2001, alitukumbusha kwamba kunukuu tafsiri ni kumnukuu mtafsiri pia.

Lakini je, pale ambapo mtunzi na msemaji ni mtu mmoja, na nia ameitamka wazi? Kwa swali hilo huwapeleka mbali, pwani ya kaskazini ya Kenya, kwa Mwana Kupona. Utendi wake aliutunga 1858 akiwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siu, akimwusia binti yake. Hapa hakuna mhusika wa kubuni:

Negema wangu binti
mchachefu hasanati
upulike wasiati
asaa ukazingatia

Na baadaye kidogo anamwita bintiye aketi na wino na karatasi, maana moyoni ana jambo apendalo kumwambia. Nia haijafichwa. Kisha anataja radhi tano ambazo mja anazihitaji, na ya tano ni ya mume:

Nda Mngu na Mtumewe
baba na mama wayuwe
na ya tano nda mumewe
mno imekaririwa

Wanafunzi wangu wa kike hukasirika wakifika hapo, na nawaelewa. Wameshaandika tayari: "Maudhui ni utiifu wa mwanamke." Na ushahidi upo tele, sitawadanganya kwamba haupo. Mume afuatwe, akilala apepewe, amri yake isikataliwe. Lakini twende mbele kidogo, tukisaidiana na Kiamu hicho, lahaja ya Lamu, ambacho kwao ni kigeni kama Kiswahili cha redioni kilivyokuwa zamani:

Mtunde kama kijana
asioyua kunena
kitu changalia sana
kitokacho na kungia

Mtunze kama mtoto asiyejua kusema, na uangalie sana kinachotoka na kinachoingia. Huyo anayetunzwa kama mtoto asiyejua kusema ni yule yule mume ambaye radhi yake imewekwa karibu na ya Mungu, Mtume na wazazi. Na macho yaliyo juu ya mali ya nyumba ni ya nani? Ya binti. Darasa likalipuka. Mmoja akasema Mwana Kupona alikuwa mwanamapinduzi aliyejificha, na wote wakataka kuandika hivyo.

Hapo ndipo ninapokuwa mkali zaidi, kwa sababu usomaji huu wa pili unapendeza, na usomaji unaopendeza ndio unaohitaji mstari wa kuukana kuliko wote. Ubeti wa radhi tano haujafutika. Na Mwana Kupona anaisimulia ndoa yake mwenyewe kama ndoa ya mapenzi mpaka mauti yalipowatenganisha. Hakuna ubeti unaomwonyesha akimcheka mume. Ninachokiona mimi ni mama aliyeamini kwa dhati kile alichousia, na aliyeijua nyumba kwa ndani kiasi kwamba hakuweza kuieleza bila kuonyesha nani anaiendesha. Nia yake ilikuwa kumwokoa binti yake, hapa duniani na kesho akhera. Maandishi yake yakabeba na ujuzi wake pia, hata ule ambao hakuuweka kwenye wasia kama fundisho. Hivyo vitu viwili si kimoja, na insha nzuri huvitenganisha.

Wapo walimu wenzangu wanaoniambia kwamba namna hii ya kusoma inamchelewesha mtoto, kwamba mtihani unataka hoja kadhaa na kila hoja na nukuu yake, basi. Nawaheshimu, na nina hofu zao, maana matokeo ya mtoto ni riziki yake. Lakini sijaona mtoto aliyezoea kutafuta mstari wa kumkana akashindwa kupata wa kumuunga mkono. Anaupata upesi, na anajua kwa nini ameuchagua. Yule wa orodha ndiye anayekwama swali likibadilishwa maneno kidogo.

Kwa hiyo sasa kwenye kila insha ya Jumamosi naomba aya moja ya ziada: mstari mmoja kutoka kitabu kilekile unaoipinga hoja yako, unukuliwe kwa ukamilifu, na ueleze utaufanyia nini. Usiupuuze, usiukate katikati. Wengine hugundua wakati wa kuiandika aya hiyo kwamba inabidi waanze insha upya, na huja kuniomba karatasi nyingine.

Muhula huu tumeanza jibu la Ocol. Linafunguka kwa yeye kumwamuru mkewe anyamaze, akusanye vitu vyake na aondoke, na tayari wanafunzi wamegawanyika kama huo ni ushahidi dhidi yake au ni mtego wa Okot kwa sisi tuliokwisha mhukumu. Kazi niliyowapa ni ya penseli: weka alama pembeni kila mahali Ocol anapojibu jambo ambalo Lawino alilisema kweli, na alama nyingine kila anapojibu jambo ambalo Lawino hakulisema popote. Wamefika ukurasa wa nne, na alama za aina ya pili zinaongezeka.